Baba Anapotoka Karakana ya Ndege

 

Vijana wetu wengi wamesomea ufundi, na baadhi yao hutengeneza ndege pale Wilson, Nairobi. Ni kazi ya heshima. Lakini fundi anaporudi Wote au Mwingi mwisho wa mwezi, anaweza kuleta nyumbani kitu asichokiona: madini ya risasi.

Risasi hiyo inatoka wapi? Tangu mwaka 2006, petroli ya magari nchini Kenya haitiwi risasi. Ndege kubwa nazo hutumia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yasiyo na risasi. Lakini ndege ndogo nyingi za injini ya pistoni, kama zile za kufundishia marubani, bado hutumia petroli yenye risasi. Fundi anaposafisha plagi na ekzosi za ndege hizo, vumbi lake hushika ovaroli, viatu, nywele na mikono.

Mtoto humkimbilia baba, akamshika nguo, kisha akatia vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto huchelewa kusema, huwa mzito wa kujifunza, hupungukiwa na damu. Mara nyingi hakuna dalili ya mapema. Ikizidi sana huleta maumivu ya tumbo, kutapika na hata degedege. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2009, Bi. Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Owino Uhuru, Mombasa. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini.

Ufanye nini, mama?

Kwanza, mwombe fundi wako abadilishe nguo na kuoga kabla ya kutoka kazini. Kama hakuna bafu huko, aoge akifika, kabla ya kumbeba mtoto. Viatu vya kazi vibaki nje.

Pili, ovaroli ikibidi kuja nyumbani, iwe ndani ya ndoo yenye kifuniko. Usiikung'ute. Ifue peke yake, katika karai ambalo halitumiki kuoshea mtoto wala vyombo.

Tatu, maji hayo. Najua kwetu maji ni ya kubebwa na punda, na hakuna anayependa kuyamwaga. Lakini haya usiyamwagie sukuma wiki wala kuwapa kuku. Yamwage katika choo cha shimo.

Nne, usiteke maji katika mtungi uliotoka karakana, hata ukiusugua vipi. Mafuta nayo yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala kumpa maziwa. Mkimbize hospitali na chupa hiyo mkononi.

Tano, mlishe mtoto vizuri. Mtoto mwenye njaa, au aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisi, hunyonya risasi zaidi. Ndengu, kunde, mboga za majani, maziwa na maembe yetu ni kinga njema. Mnaweni mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi kazi anayofanya baba. Risasi hujulikana kwa kupima damu tu, na kipimo hicho hakipatikani katika kila zahanati, kwa hiyo utaelekezwa pa kwenda. Usiache kunyonyesha kwa hofu, uliza kwanza.

Sisemi fundi aache kazi, kwani ndiyo inayolipa karo. Nasema mshahara uingie nyumbani, vumbi libaki karakana.