Kuyapanda Mawimbi kwa Kayaki

Watu wa pwani yetu, tuliokulia nyuma ya miamba iyavunjayo mawimbi mbali na ufuo, aghalabu twaliona wimbi kubwa kuwa ni jambo la nahodha kuliepuka, wala si la mtu kuliendea kwa hiari yake. Lakini ziko pwani nyingine zisizo na ukuta wa namna hiyo, ambako bahari kuu hufika mchangani na nguvu zake zote, na huko umezuka ustadi wa kuyapanda mawimbi kwa chombo kiitwacho kayaki, ustadi ambao kwa rai yangu wastahili kujulikana na kila aipendaye bahari. Mji mmoja ulio mashuhuri kwa jambo hili ni Santa Cruz, katika jimbo la California, Marekani, upande wa kaskazini wa ghuba ya Monterey.

Asili ya kayaki haiko California. Ni chombo cha Wainuiti wa Greenland na nchi nyingine za barafu, ambao walikiunda kwa mbao zilizotupwa pwani na bahari, wakakiwamba ngozi za sili, wakawindia nacho. Mtu huketi ndani ya tundu, maungo yamefunikwa vazi lisilopitisha maji, na kafi lake lina mabapa mawili, moja kila ncha. Na kwa kuwa baridi ya maji yale humwua mtu upesi, walibuni hila ya ajabu, kwamba chombo kipindukapo mwenyewe hatoki, bali hujizungusha kwa kafi na kiuno hata akaibuka tena ameketi. Hila hiyo Mwaustria Hans Pawlata alijifundisha mwaka 1927, kwa kuzisoma habari za wasafiri waliowaona Wainuiti wakiifanya. Ama mawimbi ya Santa Cruz yalikuwa yamekwisha kupandwa zamani: mwaka 1885 wanamfalme watatu wa Hawaii, waliokuwa wakisoma California, walipasuliwa mbao za miti ya huko wakateleza nazo kwenye mlango wa mto San Lorenzo.

Mwenye kutaka kujifunza sharti aanze kwa kulijua wimbi lenyewe. Wimbi lile huzaliwa na dhoruba iliyo mbali mno katika Pasifiki, na kinachosafiri si maji bali ni mwendo upitao ndani ya maji. Likikaribia nchi kavu, sakafu ya bahari hulizuia chini, nalo juu hujikusanya, huinuka, husimama wima, na mwisho huporomoka. Wimbi la kimo cha mita 1, kwa kawaida, huvunjika penye kina cha mita 1 na robo hivi. Ndiyo maana mahali palipo pazuri maji yakiwa yamepwa huenda pasifae kitu yakijaa. Penye mteremko wa polepole povu humwagika taratibu, na penye mwamba wa ghafula wimbi hujipinda na kuanguka kwa kishindo. Mwanafunzi na aende penye mteremko, kama ufuo wa Cowell, akawaachie mafundi Steamer Lane, iliyo jirani yake, ambako mashindano ya kayaki yamewahi kufanyika.

Kutoka nje ni kuielekeza omo sawasawa na wimbi, kuinama mbele, na kulichoma kafi ng'ambo ya povu. Kurudi ndiko kwenye raha: tezi ikianza kuinuliwa, mtu hupiga kafi mara chache kwa nguvu, na ghafula chombo huteleza chenyewe; hapo hujiegemeza nyuma kidogo ili omo isizame, na bapa moja hulilaza nyuma liwe usukani wake.

Lakini haupiti muda mrefu kabla chombo hakijageuka ubavu, kwa kuwa povu husukuma tezi kwa haraka kuliko omo, na hapa ndipo penye siri ya elimu yote. Mtu yuko ubavuni mwa ukuta wa povu umfikao kifuani, linanguruma sikioni mwake, na kila kiungo chamhimiza ajitenge nalo, aelemee upande wa nchi kavu. Akifanya hivyo amekwisha: ukingo wa chombo ulio upande wa pwani hujikita majini, na kufumba na kufumbua kichwa kiko chini. Yampasa aliegemee wimbi lile lile analoliogopa, ainue ukingo wa upande wa pwani kwa goti, alilaze bapa juu ya povu, viwiko vikiwa karibu na mbavu, maana mkono ulionyooshwa juu ya bega huweza kuteguka. Na povu, ambalo ndani yake maji yanapanda, litalibeba bapa lake na yeye pamoja nalo hadi mchangani. Sijui fundisho jingine la bahari lililo kinyume cha tabia ya mwili kama hili, wala lililo kweli kama hili.

Hadhari nazo zina sababu zake. Kofia ngumu huvaliwa kwa sababu ya mchanga na miamba iliyo chini; na aliyetoka chomboni asisimame katu kati ya chombo na nchi kavu, kwani mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito uzidio tani moja, na kayaki iliyojaa maji huweza kumvunja mtu mguu. Akichukuliwa na mkondo urudio baharini, asishindane nao, bali aukate kwa kwenda sambamba na ufuo. Maji ya Santa Cruz ni baridi, hivyo huvaliwa nguo ya mpira ya neoprini, nguo ambayo Jack O'Neill, aliyefungua duka lake mjini humo mwaka 1959, alisaidia sana kuieneza.

Iko pia adabu ya wimbi, nami nailinda kwa moyo wote. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki nalo. Mwenye kayaki, kwa kuwa kafi humpa mwendo, aweza kuliwahi kila wimbi kabla ya wenye mbao walalao kifudifudi na kupiga maji kwa mikono. Kuweza huko hakumpi ruhusa ya kuwadhulumu, na chombo chake kizito kisichoshikika huweza kuwaumiza. Mwanafunzi na ajitenge nao pamoja na waogeleaji, aende asubuhi kabla ya upepo kuyachafua maji, achukue mawimbi madogo yaliyokwisha kuvunjika, na arudierudie kule kuegemea, kulia na kushoto, mpaka mwili ukubali.