Jukwaa Lisilo na Pazia

Katika tamthilia, aliyekufa jukwaani huinuka pazia likishashuka. Watazamaji humpigia makofi, naye huinama kuwashukuru, kisha kila mmoja hurejea kwake akijua kwamba aliyoyaona yalikuwa maigizo. Simu ya mkononi imeuondoa mpaka huo, na tunaona kwamba familia nyingi bado hazijalipa jambo hili uzito wake.

Tulilitafakari hili tukiwa Makambako, njiani kwenda Njombe, safari ya kilometa zipatazo 60 katika baridi ile inayowafanya wageni wanunue makoti. Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA hukutana hapo na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Kwa miaka mingi habari zilishuka mjini hapo pamoja na abiria na mizigo. Aliyezileta alionekana uso, na mzee yeyote aliweza kumuuliza: umeyasikia kwa nani? Leo habari hufika kabla basi halijasimama, na aliyeileta hayupo wa kuulizwa.

Nyanda hizi zinaijua nguvu ya neno linalosafiri. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na ilipofika Septemba Wabena walikuwa wameishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Habari za maji zilikwenda kwa miguu, kwa kunong'onezana kijiji hadi kijiji. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alivitungia vita hivyo tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Walioisoma shuleni watakumbuka mkasa wa mhusika mkuu: neno alilolitoa mwenyewe linakua, linamshinda nguvu, na hawezi tena kulirudisha. Hussein aliandika wakati ambao hata televisheni haikuwapo Tanzania. Hata hivyo, hatujapata maelezo bora zaidi ya ule ujumbe unaoingia katika simu zetu ukiwa umeshapita mikono isiyohesabika.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Njombe ilipatwa na msiba ambao hatutaki kuueleza kwa undani. Watoto wadogo walitekwa na kuuawa. Wazazi wakawa wanawasindikiza watoto wao shuleni na kuwafuata tena, na hofu ile ilikuwa ya haki. Katika msiba wa namna hiyo simu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humwonya mzazi, na hubeba uvumi na picha. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatutaka tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Na katika mji wenye hofu, jina moja lililotajwa bila hakika laweza kumfikisha mtu asiye na hatia mikononi mwa umati.

Picha nazo zina mizani yake. Sisi tumefundishwa kumsitiri maiti hata anapooshwa. Nguo haiondolewi ila stara imewekwa, na muosha akiona la aibu hulinyamazia. Vipi basi sura ya marehemu ipite katika kundi la ukoo, juu yake kichekesho, chini yake tangazo la mchango wa harusi? Kidole kinachopitisha vyote hivyo ni kimoja na mwendo wake ni ule ule. Mtoto anayechungulia begani kwa mama yake huona mtu ameanguka katika kichekesho akainuka; kisha huona mtu ameanguka kweli, asiinuke. Nani amemweleza tofauti?

Hata waigizaji wenyewe yamewafika. Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Majuto, alizushiwa kifo zaidi ya mara moja kabla ya kufariki dunia kweli tarehe 8 Agosti 2018. Mtu aliyetumia umri wake kuwachekesha Watanzania alikuwa akiuguzwa huku rambirambi zake zikisambaa. Fikiria binti wa mgonjwa anayepokea pole za baba aliye hai kitandani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamkamata anayechapisha uongo akiujua, kwa nia ya kupotosha umma. Lakini wengi wetu husambaza bila nia yoyote, kwa pupa tu ya kutaka kuwa wa kwanza.

Hatusemi simu zivunjwe. Mfanyabiashara wa mbao wa Makambako hupokea fedha kwa simu hiyo hiyo, na bibi aliyeko Njombe humwona mjukuu aliyezaliwa Muscat. Tungependa tu mazungumzo yaanzie karibu, tena penye furaha: maigizo ya watoto wa madrasa siku za Maulidi. Mtoto wa miaka sita anaposahau maneno yake, waliohudhuria hucheka kwa mapenzi na yanaishia ukumbini. Video yake ikirushwa, watacheka wasiomjua, na atakapofika miaka kumi na sita itakuwa bado ipo. Walimu wanaweza kuwauliza wazazi mapema, kabla ya siku yenyewe, nani anaridhia mwanawe arekodiwe na nani haridhii. Na mtoto aulizwe pia.