Ruzuku ya mfadhili huisha, asilimia nne hurudi kila mwaka

MCHUUZI wa nyanya anayelipa ushuru wa soko Buhongwa, jijini Mwanza, mara nyingi hajui kuwa sehemu ya fedha hiyo inaweza kurudi nyumbani kwake ikiwa mtaji wa mwanawe. Mwanawe naye, aliyemaliza shule na sasa anashinda kijiweni akisubiri mradi wa wafadhili, hajui pia.

Hapo ndipo ilipo kazi ya asasi zinazowasaidia vijana kushiriki katika mambo ya jamii yao. Mojawapo ya zinazofahamika nchini ni Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuanza kutoa ruzuku mwaka 2003. Taasisi hiyo haimpi kijana mmoja mmoja mtaji wa duka. Hutoa ruzuku kwa asasi za kiraia zilizosajiliwa, zikiwamo za vijana, ili wananchi wajue haki zao na waweze kufuatilia matumizi ya fedha za umma.

Wapo wanaouliza, elimu ya namna hiyo inajaza tumbo la nani? Jibu lipo katika sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni pamoja na ushuru wa masoko, ushuru wa mazao na leseni, yaani jasho la mkulima na mchuuzi.

Hesabu yake si ngumu. Halmashauri ikiwa na Sh1 bilioni ya mapato yanayohusika, fungu la vijana ni Sh40 milioni. Kila kikundi kikikopeshwa Sh5 milioni, vitapata vikundi 8 tu. Vyote vikirejesha, na makusanyo yakibaki yale yale, mwaka unaofuata vitapata vikundi 16: vinane kwa fungu jipya na vinane kwa marejesho. Nusu ya wakopaji wakila fedha hizo, vitapata 12, na vinne vitarudi kijiweni.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha madeni yasiyolipwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika kipindi hicho chote, kikundi kilichokuwa kikilipa vizuri kilikaa bila mkopo sawa na kile kilichotoroka na fedha.

Kwa hiyo, kijana wa Buhongwa ana sababu ya kibiashara ya kuhudhuria mkutano wa mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wanaposoma mapato na matumizi, au majina ya vikundi yanapojadiliwa, majirani ndio wanaojua kikundi kipi kina mradi kweli na kipi kipo kwenye karatasi tu. Akinyamaza leo, mkopo wake wa kesho unaliwa na mwingine.

Fursa nazo zinaongezeka. Buhongwa ipo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga, karibu na Usagara, inapochepuka barabara ya kwenda Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi) lililofunguliwa Juni 19, 2025. Mzigo kutoka Sengerema na Geita sasa hausubiri kivuko. Anayenunua mazao ya ng'ambo na kuyauza mjini ana biashara ya kufanya, ila hana budi kuwa na mtaji.

Vijana wanaotaka mkopo waanze mapema. Waungane watu wanaofahamiana, waandike katiba, wachague mtunza hazina, wamwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata ili wasajiliwe, kisha wafungue akaunti benki. Wanaokusudia kufuga kuku wajue bei ya vifaranga, chakula na chanjo kabla ya kuomba, si baada ya kupokea fedha. Na daftari la mapato na matumizi liandikwe kila siku, hata kama kilichouzwa ni trei moja ya mayai.

Mazoea hayo ya vikao, mihtasari na hesabu zilizo wazi ndiyo faida kubwa inayobaki pale ruzuku inapokwisha. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha ya mfadhili ni ya nduguye. Ile asilimia 4 imetoka kwenye meza ya nyanya ya mama yake, na ni wajibu wake kuifuatilia.