Miriam Makeba na Wimbo wa Malaika: Rekodi ya Sauti kama Matini ya Kufundishia Kiswahili Gitega na Muyinga

Makala haya yanajadili rekodi moja ya Miriam Makeba, mwimbaji na mwigizaji wa Afrika Kusini, kwa kuitazama kama matini ya kufundishia Kiswahili. Wimbo wenyewe ni Malaika. Swali letu limetokana na mazingira ya Burundi, ambako Kiswahili hufundishwa shuleni ilhali si lugha ya nyumbani kwa wanafunzi wengi. Mjini Gitega, Kirundi hutawala mazungumzo ya kila siku. Muyinga, kwa kuwa karibu na mpaka wa Kobero, hupokea zaidi Kiswahili cha biashara kutoka Tanzania. Katika miji yote miwili mwalimu anahitaji matini fupi, yenye sauti na inayokumbukika, na wimbo huu unajipendekeza wenyewe. Tunashikilia kwamba usiingizwe darasani kabla ya kuelezwa ni nani anayesema ndani yake, na ni nani mwenye haki juu yake.

Makeba alizaliwa Johannesburg tarehe 4 Machi 1932. Katika miaka ya 1950 aliimba na Manhattan Brothers, kisha na Skylarks, kundi la wanawake. Mwaka 1959 alionekana katika filamu ya Come Back, Africa ya Lionel Rogosin, na akaigiza nafasi ya Joyce katika tamthilia ya muziki ya King Kong. Filamu ilimfikisha Venice. Kutoka hapo alikwenda London, kisha Marekani, ambako Harry Belafonte alimfungulia njia. Mwaka 1960, alipotaka kurudi kumzika mama yake, alikuta pasipoti yake imefutwa. Mwaka 1963 alitoa ushahidi mbele ya Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi wa rangi, na rekodi zake zikapigwa marufuku nchini mwake. Wimbo uliompatia umaarufu mkubwa zaidi, Pata Pata, ulitolewa Marekani mwaka 1967 na kufika nafasi ya 12 katika chati ya Billboard. Mwenyewe hakuupa uzito mkubwa, na kwa maoni yetu hakukosea.

Malaika ulikuwa katika albamu aliyoitoa pamoja na Belafonte mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Humo waliuimba wawili. Majukwaani baadaye Makeba aliuimba peke yake, na hapo ndipo suala la kiisimu linapojitokeza. Msemaji wa wimbo ni kijana wa kiume asiye na mali ya kumwoa ampendaye. Katika Kiswahili sanifu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, lakini Makeba hakubadili kitenzi. Msikilizaji asiyejua asili ya wimbo anaweza kudhani kuwa ni kosa la mgeni wa lugha. Sisi tunaona kazi ya mwigizaji: mwanamke aliyekwishazoea jukwaa anavaa uhusika wa mwanamume na kuutunza hadi mwisho. Mwanafunzi wa Kirundi ana msingi wa kulielewa jambo hili, kwani lugha yake nayo hutofautisha kurongora na kurongorwa, na inkwano si neno geni kwake.

Kuna ugumu mwingine, mdogo lakini wenye faida darasani. Kitenzi cha kuwaza katika wimbo huu kina viambishi hu- na -ku-, ambavyo vinaruhusu tafsiri mbili: mazoea, yaani kumfikiria mtu kila mara, au ukanushi wa wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri. Sauti pekee haiamui. Mwalimu anayewaachia wanafunzi wabishane juu ya viambishi hivi atakuwa amefundisha sarufi bila kuandika kanuni ubaoni.

Suala la umiliki ni zito zaidi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake ndilo lililotambuliwa zaidi kama mtunzi. Hata hivyo Adam Salim alidai kuwa aliutunga katika miaka ya 1940, na wapo wengine wanaotajwa. Boney M na Angélique Kidjo nao waliurekodi baadaye. Sheria za hakimiliki hutenganisha haki ya mtunzi na haki jirani ya mwimbaji. Umaarufu wa Makeba uliikuza ya pili mbele ya macho ya umma hata ya kwanza ikafifia. Kitabu cha shule kitakachoandika “wimbo wa Makeba” kitakuwa kimeamua mgogoro ambao haukuamuliwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wakuza mitaala kwamba rekodi ya Fadhili William isikilizwe kwanza, ya Makeba ifuate, na majina ya wote wanaodai utunzi yaandikwe chini ya matini. Aidha, idhini ya matumizi iombwe kabla ya kitabu kwenda mtamboni. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako kitabu kilichochapishwa upande mmoja wa mpaka husomwa upande wa pili, ni vyema ombi hilo lifanywe kwa pamoja, maana mwalimu wa Muyinga hana namna ya kumtafuta mrithi wa mtunzi aliyeko Kenya.