Bukavu: Pedali ya freni ikiwa ngumu kama jiwe, pima servofreni kabla ya kushuka Ngomo

BUKAVU – Shofere wa pikapu anayeshuka kutoka Kadutu na mifuko ya unga nyuma, pamoja na abiria wawili watatu juu ya mifuko hiyo, anajua kwamba mguu wake peke yake hauwezi kusimamisha mzigo ule. Kinachomsaidia ni kopo la chuma, la duara, jeusi mara nyingi, linalokaa chini ya kapo mbele ya pedali. Mafundi wa garaji wanaliita servofreni, wengine mastervac. Wengi hawaulizi habari zake mpaka siku pedali inapokataa kushuka.

Ndani ya kopo hilo kuna mpira mpana unaoligawa vyumba viwili. Moteri ikiwaka, hewa inanyonywa kutoka vyumba vyote viwili. Shofere akikanyaga, mlango mdogo unafunguka na hewa ya nje inaingia chumba cha nyuma tu. Hewa hiyo ndiyo inayosukuma mpira mbele, na mpira unasukuma mafuta ya freni kwenda kwenye magurudumu. Mpira wenye upana wa sentimita 23, kwa tofauti ya hewa ya bari 0.7, unatoa msukumo wa karibu kilo 300. Mguu wa shofere wa kawaida haufiki hapo kwa urahisi.

Kwenye gari la esansi, kunyonya huko kunafanywa na moteri yenyewe. Moteri ya mazutu, kama zile za Hilux na Land Cruiser nyingi za hapa, hainyonyi vya kutosha, kwa hiyo inawekewa pompi ndogo. Katika moteri nyingi za zamani za Toyota pompi hiyo imefungwa nyuma ya alterneta. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha servofreni, akalipa pesa nyingi, na pedali ikabaki ngumu: pompi ndiyo iliyochoka, au tuyo inayotoka kwake imepasuka. Tuyo ni rahisi kuliko vyote viwili, na ndiyo inayofaa kuangaliwa kwanza.

Mvumbuzi mmojawapo wa chombo hiki alikuwa Mbelgiji, Albert Dewandre. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza freni zake mwishoni mwa miaka ya 1920, hasa kwa magari makubwa.

Bukavu ina shida yake ya pekee. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hapa hewa inasukuma kwa nguvu pungufu karibu asilimia 16 kuliko pwani. Pikapu ile ile iliyozoea Mombasa au Dar es Salaam inapata msaada mdogo zaidi ikifika hapa, hata kama kila kitu ni kizima. Halafu inaelekezwa barabara ya kitaifa nambari 5, kupitia Nyangezi na miteremko ya Ngomo hadi Kamanyola na Uvira. Ziwa Kivu liko mita 1,460, Tanganyika karibu mita 770. Kimo chote hicho kinamalizwa na freni, na sehemu kubwa yake ni Ngomo.

Hapo ndipo tabia moja inapoua watu: kuzima moteri kwenye mteremko ili kuokoa mazutu. Moteri ikizimwa, servofreni inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, labda tatu. Baada ya hapo pedali inakuwa jiwe, na usukani wenye msaada nao unakuwa mzito. Mazutu yanayookolewa hayafiki hata bei ya mfuko mmoja wa unga ulioko nyuma. Dawa ni kuacha moteri iwake na kushuka kwa vitesi vya chini, moteri yenyewe ishike gari, ili freni zisipate moto.

Si kila ubovu wa freni ni wa servofreni. Pedali ikizama laini mpaka chini, tafuta hewa ndani ya mafuta au mahali yanapovuja. Ikiwa ngumu na gari halisimami, au ukisikia mlio wa hewa miguuni unapokanyaga, hapo shaka inarudi kwenye kopo.

Kupima hakuhitaji chombo. Zima moteri, kanyaga mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Acha mguu juu yake, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo yenyewe, servofreni inafanya kazi. Isiposogea, usipakie. Kipimo hiki ni cha servofreni ya kunyonya hewa. Baadhi ya magari mapya yana pompi ya umeme na yanapimwa tofauti.

Mafuta ya freni yakipungua bila kuonekana chini ya gari, yanaweza kuwa yanaingia ndani ya kopo na kuozesha mpira polepole. Kuongeza mafuta ya moteri badala yake, kama wengine wanavyofanya wakikwama njiani, kunavimbisha mipira yote ya freni. Na anayenunua servofreni ya okazi, kwa kuwa kopo limefungwa na ndani hakuonekani, afanye kipimo kile kile likiwa limefungwa kwenye gari lake, kabla ya kutoa pesa.