Fahamu tofauti ya kichaa cha ng'ombe na kichaa cha mbwa

Kichaa cha ng'ombe kiligunduliwa Uingereza mwaka 1986. Ng'ombe walikipata kwa kulishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wagonjwa. Mwaka 1996 ilitangazwa kuwa huenda binadamu pia huugua ubongo na kufa kwa kula nyama hiyo, hata ikipikwa.

Kwetu Katavi ng'ombe hula majani malishoni. Hivyo, mfugaji wa Mpanda, Nsimbo au Mpimbwe akiona ng'ombe anatokwa mate mengi, analia ovyo, anashambulia watu au miguu ya nyuma imelegea, kwanza ashuku kichaa cha mbwa. Mbwa au fisi mgonjwa akimng'ata ng'ombe humwambukiza.

Usimwingize mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na kitu kooni. Usimchinje wala kunywa maziwa yake. Mtenge na umwite afisa mifugo.

Ukiguswa na mate yake kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mtu kupona.

Wafugaji, tuchanje mbwa wetu kila mwaka. Ndiyo kinga ya zizi na ya familia.