Inazimika Dakika ya 80

Mechi iko dakika ya 80, matokeo ni mawili kwa moja, na aliye nyuma anajiandaa kupiga kona. Kioo kinakuwa cheusi. Hakuna ujumbe wala mlio. Feni zinanyamaza kidogo, kisha zinaanza kuvuma upya na nembo ya kiwanda inatokea kana kwamba ndiyo kwanza mtu ameiwasha mashine. Aliyekuwa akiongoza anamtazama mwenzake kwa jicho kali: umegusa waya kwa mguu?

Hajagusa. Kesho yake itazimika tena mwenye mashine akiwa peke yake.

Katika mitaa ya Mwanza, kuanzia hosteli za wanafunzi Nyegezi hadi vyumba vya kupanga Mabatini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu inajulikana: kupiga windo. Fundi anafuta kila kitu, anaweka Windows upya na kupokea chake. Kompyuta inakaa vizuri siku mbili, kwa sababu siku hizo mbili mwenyewe yuko bize kurudisha mafaili yake na hajafungua gemu lolote. Siku ya tatu inazimika palepale.

Windows kweli huwa na makosa yake, lakini ikikosea kwa kawaida huacha neno. Huonyesha kioo cha buluu chenye maelezo. Shida ni kwamba imepangwa tangu mwanzo ijiwashe upya baada ya hapo, na kioo hicho kinaweza kupita kabla jicho halijakikamata. Anayetaka kukiona afungue Startup and Recovery na kuondoa tiki kwenye Automatically restart. Baada ya hapo, ikiwa ni kioo cha buluu, kitabaki pale kikisubiri kusomwa, na uchunguzi utaelekea kwenye dereva za vifaa au kwenye ramu. Ramu yenyewe mafundi wetu huijua dawa yake: huchomolewa, meno yake ya rangi ya dhahabu yakasuguliwa taratibu kwa ufutio wa penseli, ikarudishwa mpaka ilie "ka!" pande zote mbili.

Ila ikizimika kavu, bila buluu, Event Viewer itaandika Kernel-Power, namba 41. Watu wengi wakiiona hudhani wamepata jina la ugonjwa. Namba hiyo inasema jambo moja tu: mara ya mwisho kompyuta haikuzimwa kwa taratibu zake. Ni sawa na cheti cha kifo kilichoandikwa "amefariki". Chenye maana kiko ndani ya maelezo yake, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, yaelekea Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichoikuta. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni umeme.

Ndani ya kasha la kompyuta kuna pawa saplai, boksi la chuma linalopokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3 zinazoliwa na vifaa. Katika lile fungu la nyaya 24 linaloingia kwenye ubao mama, mmoja, wa kijivu kwenye pawa saplai nyingi za zamani, kazi yake ni kutoa taarifa tu: umeme uko sawa. Waya huo ukinyamaza, ubao mama unaisimamisha mashine papo hapo. Hauulizi Windows, hauulizi gemu, wala haujali kama kona imeshapigwa.

Kwa nini basi iwe kwenye gemu tu, na si wakati mtu anaandika barua? Mkazi wa mlimani Mwanza hahitaji kuelezwa kazi ya simtanki. Pawa saplai nayo ina simtanki yake, kapasita kubwa inayoshikilia umeme kidogo wa akiba. Mwongozo wa Intel wa pawa saplai za ATX ulitaka kwa miaka mingi akiba hiyo ihimili milisekunde 16 au 17 mzigo ukiwa mkubwa. Wimbi moja la umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Yaani wimbi moja likipotea njiani, taa inapepesa mara moja, runinga haina habari, na kompyuta inayoandika barua inavuka salama kwa kuwa bomba lake limefunguliwa kidogo. Inayocheza gemu imefungua bomba lote. Tangi linakauka kabla maji hayajarudi. Na kapasita ikizeeka hukauka, ikashika pungufu ya ilivyoshika mpya; nyingine huvimba kichwa kabisa, kama kopo la maziwa lililoharibika.

Halafu kuna suala la lebo, na hapa uongo ni mwingi. Pawa saplai ya bei ya chee huandikwa "500W" kwa herufi kubwa. Mnunuzi asome jedwali dogo lililo chini yake, mstari wa volti 12, kwa kuwa huko ndiko prosesa na kadi ya grafiki zinakokula. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12: wati 216. Zile nyingine ni mapambo. Boksi jepesi mkononi nalo linatia shaka, maana shaba na vipoza joto vina uzito wake.

Mashine nyingi za gemu mtaani zilizaliwa zikiwa za ofisi. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya mnara, iliyotoka kiwandani na pawa saplai ya wati 275. Ikiwekewa GTX 1050 Ti, kadi ya wati 75, hailalamiki. Ikiwekewa RX 580 ya wati 185, pamoja na prosesa ya Core i5-3470 yenye wati 77, tayari ni 262 kabla ya diski, feni na ubao wenyewe. Tena pawa saplai ile haina hata waya wa kuilisha kadi hiyo, hivyo inaungwa kwa adapta kutoka plagi ya SATA. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imekusudiwa wati 54. Adapta inaiomba 150. Kabla ya mwezi kwisha plastiki inaweza kuanza kunuka.

Hata hesabu ikikaa sawa kwenye karatasi, kadi kubwa za kisasa hushtua. Kwa sehemu ndogo mno ya sekunde huvuta zaidi sana ya kiwango chao cha kawaida, na pawa saplai yenye kinga kali huona kama ni shoti, ikakata. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0, kilichotoka mwaka 2022, kilitaka pawa saplai kubwa zihimili mishtuko ya hadi mara mbili ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100. Dalili yake nayo ina tofauti: kinga ikishakata, mara nyingi mashine haijiwashi tena mpaka ichomolewe ukutani na kurudishwa.

Turudi ukutani, maana Mwanza ina mambo yake. Nchi ilitoka kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ikaanza kuwashwa Februari 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Lakini megawati za Rufiji hazikazi skrubu ya soketi chumbani. Nyumba iliyo mbali na transfoma hupata umeme mdogo kuanzia saa moja jioni, majirani wakiwasha majiko na pasi. Pawa saplai nzuri iliyoandikwa volti 100 hadi 240 haisumbuki na hilo. Inavuta tu ampea nyingi zaidi. Ile rahisi ndiyo inayoanguka. Kwa hiyo daftari la saa ni kipimo cha bure: mashine inayozimika kati ya saa moja na saa nne usiku, kisha ikacheza bila tatizo saa nane za usiku, inasema wazi inakoumwa.

Wengine, kwa nia njema, huichomeka kompyuta kwenye frijigadi. Kifaa hicho umeme ukishuka hukata kabisa, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Friji inashukuru. Kompyuta imekatwa na mlinzi wake. UPS ndiyo inayofaa, ila nayo isomwe vizuri: nyingi za VA 650 hutoa wati zisizofika 400, na mashine yenye kadi kubwa pamoja na kioo chake huimaliza pumzi kwa mlio mmoja mrefu.

Joto ni mtuhumiwa wa pili, ingawa mtaani hupewa kesi ya kwanza. Prosesa ya kisasa ikikaribia nyuzi 95 au 100 hupunguza kasi kwanza, kwa hiyo gemu huanza kukwamakwama kabla ya kuzima. Isiyokwama kabisa na ikazima ghafla, mara nyingi si joto la prosesa. Hata hivyo Mwanza feni zina ugumu wake: ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo inabeba joto pungufu. Ongeza vumbi la kiangazi, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi mwezi ukiwa mchanga na kufuata taa. Kasha lenye taa za rangirangi karibu na dirisha la upande wa ziwa ni mwaliko. Wakati wa kupuliza vumbi hilo, feni ishikwe kwa kidole isizunguke.

Zipo kesi ambazo mwenye mashine hana kosa lolote. Julai 2021, majaribio ya gemu la New World la Amazon yaliua baadhi ya kadi za RTX 3090 wachezaji wakiwa bado kwenye menyu. EVGA, iliyotengeneza nyingi ya kadi hizo, baadaye ilieleza kuwa lehemu ilikuwa mbovu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi, ikatoa marekebisho kuanzia Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kabla ya hapo magemu mengi yalianguka yakidai kumbukumbu ya kadi ya grafiki imejaa. Watu walibadilisha kadi. Mwizi alikuwa prosesa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kuna vipimo viwili vya bure. Kwanza, gemu liwekewe kikomo cha fremu 60, au 30. Kuzimika kukiisha, mtuhumiwa ni umeme au joto, na kupiga windo kunaweza kusubiri. Pili, mashine ipelekwe kwa rafiki wa mtaa mwingine, hata Usagara kule njia panda, ikacheze Jumamosi nzima. Ikimaliza bila kuzimika, kilichobaki kuchunguzwa kiko nyumbani.

Na huko nyumbani plagi ya pini tatu ichomolewe na kutazamwa kwenye mwanga. Pini ya moto, inayoingia tundu la kulia, ikiwa na weusi, au plastiki kuizunguka ikiwa ya kahawia na inanuka, meinswichi izimwe na aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Akifika, aulizwe pia kuhusu ethi; kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mawe, ile fimbo ya shaba huenda iligonga mwamba, ikakatwa ikabaki fupi, juu yake ikafunikwa udongo.